Kwa nini Dodoma ina zabibu na Iringa ina ulanzi

Ukisafiri mwezi wa Februari katika vijiji vya Iringa, Kilolo au Mufindi, utakutana na watu wanaotoka mashambani asubuhi na mapema wakiwa na ndoo na madumu. Hawatoki kisimani. Wametoka kugema mlanzi. Wakati huohuo, kilomita chache zaidi ya 250 kaskazini, wakulima wa Dodoma wanajiandaa kuvuna zabibu.

Mikoa hii ni jirani, lakini kila mmoja una mvinyo wake. Wa Dodoma hutiwa kwenye chupa na kusafirishwa mbali. Wa Iringa hunywewa kijijini siku hiyohiyo au siku ya pili.

Watu wa nyanda za juu wanaposikia habari za zabibu ya Dodoma, wengi huuliza swali moja: mbona na sisi tusipande zabibu? Ardhi tunayo, maji tunayo, na baridi yetu inafanana na ya Ulaya. Katika makala haya tunaeleza zabibu inataka nini, nyanda za juu zina nini, na kwa nini mlanzi ulistawi mahali ambapo mzabibu ungepata shida. Jibu fupi tunalitoa mapema: tatizo kubwa la zabibu huku kwetu si baridi. Ni mvua.

Nyanda za juu si nchi moja

Tunaposema Nyanda za Juu Kusini, ni rahisi kudhani kwamba Mbeya na Iringa zote ni baridi na ukungu. Sivyo. Kwa kila mita 100 unazopanda mlimani, joto hushuka kwa karibu nyuzi 0.6. Dodoma mjini iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Sehemu za Mufindi zinazolimwa chai ziko juu ya mita 1,800. Tofauti hiyo ya mita 700 peke yake inatosha kuifanya Mufindi iwe na baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi.

Lakini shuka kutoka Iringa mjini uelekee Pawaga au Idodi, utajikuta kwenye tambarare yenye joto na ukame, nchi ya mibuyu na mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa. Isimani nayo ni kavu. Kwa upande wa Mbeya, bonde la Usangu huko Mbarali ni la joto, wakati Kitulo, juu kabisa kwenye mpaka wa Mbeya na Njombe, hupata jalidi, yaani umande unaoganda, katika miezi ya Juni na Julai.

Udongo nao hutofautiana. Rungwe ina udongo wa volkano, mweusi na wenye rutuba, uliotoka kwenye milima ya moto ya zamani kama Mlima Rungwe na Ngozi. Mufindi na Kilolo zina udongo mwekundu wa kale, wenye kina kirefu, ambao mvua za miaka mingi zimeuosha na kuuachia tindikali. Chai inaupenda udongo huo. Mazao mengine mengi huutaka baada ya kuwekewa chokaa.

Na mvua? Dodoma hupata milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mbeya mjini hupata zaidi ya hapo. Tukuyu, kwenye mitelemko ya Rungwe inayotazama Ziwa Nyasa, hupata zaidi ya milimita 2,000. Hapo ndipo habari ya zabibu inapoanzia.

Zabibu inataka nini

Mzabibu ni mmea unaotambaa na wenye mizizi inayokwenda chini sana. Haudai udongo wa rutuba kubwa. Ukiwekwa kwenye udongo wenye rutuba na maji mengi, huota majani kwa wingi na kutoa matunda ya maji yasiyo na ladha. Ndiyo maana mashamba mengi ya zabibu yenye sifa duniani yako kwenye mawe, changarawe au miteremko ambayo mkulima wa mahindi asingeitamani.

Mzabibu unataka mambo matatu. Unataka jua la kutosha ili majani yatengeneze sukari. Unataka kipindi cha kupumzika. Na unataka ukavu wakati matunda yanapoiva.

Ulaya, kipindi cha kupumzika kinaletwa na majira ya baridi kali. Mzabibu huangusha majani, hulala, kisha huamka kukianza kupata joto. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa kisu cha kupogolea. Baada ya kupogolea, machipukizi mapya hutoka, yanachanua, na baada ya miezi minne hivi matunda huwa tayari. Kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mara moja karibu na Februari na Machi, mara ya pili karibu na Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo yanayokuwa na sukari nzuri zaidi, kwa sababu hakuna mvua ya kuyatia maji.

Kilimo hicho kilianzishwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, waliopanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa. Baadaye serikali ikaanzisha kituo cha utafiti Makutupora. Zabibu nyekundu iliyoenea zaidi kwa wakulima wa huko inaitwa kwa jina la kituo hicho: Makutupora nyekundu. Kwa mvinyo mweupe wanatumia sana Chenin Blanc, aina yenye asili ya Ufaransa, na kwa mwekundu wapo pia wanaopanda Syrah.

Sasa chukua mzabibu huohuo uupande Tukuyu. Majani yatakaa na maji kwa saa nyingi kila siku. Ukungu wa magonjwa unapenda hali hiyo kuliko nyingine yoyote. Yapo magonjwa mawili ambayo kila mkulima wa zabibu anayajua: ubwiri unga, unaofunika majani na matunda kwa unga mweupe, na ubwiri vinyoya, unaoacha madoa ya manjano juu ya jani na manyoya meupe chini yake. Huo wa pili hushamiri kwa unyevu. Mkulima wa mahali penye mvua nyingi atapulizia dawa wiki baada ya wiki, na bado anaweza kupoteza mavuno. Na mvua ikinyesha matunda yakiwa yameiva, punje hupasuka, na kichala kizima huoza.

Baridi ina faida yake

Watu wengi hudhani zabibu ni zao la joto tu. Ukweli ni kwamba baadhi ya mivinyo ghali zaidi duniani inatoka kwenye nchi za baridi: Champagne na Burgundy nchini Ufaransa, na bonde la mto Mosel nchini Ujerumani.

Sababu ni hii. Tunda la zabibu linapoiva, sukari inapanda na uchachu unashuka. Penye joto kali mambo hayo hutokea haraka: sukari inakuwa nyingi, uchachu unapotea, na mvinyo unakuwa mzito na wenye kilevi kikubwa. Penye usiku wa baridi, tunda huiva polepole na kuhifadhi uchachu wake. Mvinyo unaotoka hapo huwa mwepesi, wenye ukali kidogo ulimini na harufu nzuri ya matunda.

Si kila aina inafaa kwa baridi. Zinazofaa ni zile zinazoiva mapema, kama Pinot Noir kwa mvinyo mwekundu, na Chardonnay kwa mweupe. Aina zinazochelewa, kama Cabernet Sauvignon na Grenache, zikipandwa mahali penye baridi sana zinabaki chachu mpaka msimu unakwisha.

Je, hapa Afrika Mashariki zabibu ya mahali pa juu inawezekana? Inawezekana. Kenya ipo mizabibu karibu na Naivasha, kwenye Bonde la Ufa, mahali palipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mvinyo wake unauzwa kwa jina la Leleshwa. Naivasha ina usiku wa baridi kama Mafinga. Lakini tazama tofauti: Naivasha ni kavu, kwa sababu milima ya pande zote mbili huzuia mvua. Mkulima wa huko anamwagilia maji anapotaka na anayaacha anapotaka. Mkulima wa Rungwe hawezi kuizima mvua.

Ndiyo maana tunasema kwamba mwinuko peke yake haumfungi mtu. Kinachofunga ni unyevu.

Mlanzi: mmea unaokunywa mvua

Mvua hiyohiyo inayomtesa mzabibu ndiyo inayofanya mlanzi utoe maji yake. Mlanzi ni aina ya mwanzi. Wataalamu wa mimea waliupa jina la Oxytenanthera braunii, na wengi siku hizi wanauhesabu kuwa aina moja na Oxytenanthera abyssinica, mwanzi unaoota katika nchi nyingi za Afrika kuanzia Ethiopia hadi kusini. Mwanzi huo umeenea mbali, lakini ni huku Iringa, Njombe na sehemu za jirani za Mbeya na Ruvuma ambako watu waliufanya kuwa chanzo cha kinywaji chao.

Usichanganye mlanzi na mianzi mingine. Upo mwanzi wa milimani unaoota porini kwenye misitu ya juu. Huo una uwazi mkubwa ndani na hutumika kwa kujengea na kusukia. Upo pia mwanzi mnene, mara nyingine wa manjano wenye mistari ya kijani, uliopandwa kando ya mito na kwenye viwanja. Yote hiyo haigemwi ulanzi. Mlanzi huota kwa kichaka, mashina mengi yakitoka mahali pamoja, na mashina yake ni magumu yenye uwazi mdogo.

Hapa upo ufanano na mzabibu. Mkulima wa zabibu hapandi mbegu; hukata pingili kutoka kwenye mzabibu anaoujua, ili mtoto afanane na mama. Mwenye mlanzi naye hupanda kipande cha shina pamoja na mizizi yake, kilichochimbwa kwenye kichaka kinachotoa maji matamu na mengi. Kwa hiyo kichaka kizuri cha babu kinaweza kuendelea kwenye mashamba ya wajukuu, kikiwa ni mmea uleule.

Mlanzi hupandwa mabondeni, mipakani mwa mashamba na kwenye miteremko. Mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na maji. Wakati wa kiangazi kichaka kinaonekana kama kimelala. Mvua zikianza, machipukizi hutoka ardhini kwa kasi, na humo ndimo maji matamu yanamopita.

Kugema

Mgema anachagua chipukizi changa lililosimama, kabla halijatoa matawi. Hukata ncha yake kwa kisu kikali. Kwa siku kadhaa, hadi wiki hivi, huendelea kukata kipande chembamba asubuhi na jioni, bila kukusanya chochote cha maana, mpaka chipukizi lianze kutoa maji vizuri. Kisha hutundika mbeta, chombo cha kipande cha mwanzi, ili maji yadondokee humo. Siku hizi chupa za plastiki nazo hutumika.

Kila asubuhi na kila jioni mgema hurudi. Anamimina kilichomo, anakata kipande kingine chembamba ili jeraha lisizibe, anarudisha mbeta. Asiporudi, kidonda hukauka na maji yanakatika. Kazi hiyo ndiyo inayofanya ulanzi uwe zao la familia inayoishi karibu na shamba, si la mtu anayesimamia kwa simu kutoka mjini.

Msimu wake ni wa mvua, takriban Desemba hadi Mei. Wakulima wa huku wanajua maana ya miezi hiyo. Januari na Februari ni wakati ambapo mahindi ya mwaka jana yanapungua ghalani na mapya bado yako shambani. Pombe ya nafaka, kama komoni ya mahindi au kimpumu cha ulezi kwa Wanyakyusa, hula nafaka ambayo ingeliwa. Ulanzi haugusi ghala. Unaleta fedha ya daftari, ya chumvi na ya mbolea katika miezi ambayo nyumba nyingi hazina kitu cha kuuza.

Saa ndizo zinazoamua

Kwa zabibu, ladha huamuliwa zaidi na aina na ardhi. Kwa ulanzi, pamoja na kichaka na bonde lake, ladha huamuliwa na saa.

Maji yakitoka kwenye chipukizi ni matamu na meupe kidogo. Lakini hamira za asili, zilizo hewani na kwenye mbeta yenyewe, huanza kazi papo hapo. Zinakula sukari na kutoa kilevi na gesi. Ndani ya saa 5 hadi 12 tayari ni kinywaji chenye povu. Ulanzi mchanga wenye utamu huitwa mtogwa. Ukikaa siku moja au mbili, utamu unapungua, ukali na uchachu unapanda, na watu huuita mkangafu.

Mambo mawili yanatokana na hilo. La kwanza ni la afya. Mtogwa ni mtamu, lakini si soda. Ukiwa umelala usiku mzima kwenye mbeta, tayari una kilevi. Mtoto asipewe kwa kudhani ni maji ya mwanzi tu, na mama mjamzito asinywe.

La pili ni la soko. Mvinyo wa zabibu ukimaliza kuchacha huwa na kilevi cha asilimia 11 hadi 14 pamoja na uchachu wake, na vitu hivyo vinausaidia kudumu ukifungwa vizuri. Ulanzi una kilevi kidogo zaidi na bado una vijidudu vinavyoendelea kufanya kazi. Ukiufunga kwenye chupa ukiwa mchanga, gesi inaipasua. Ukiuacha wazi, unakuwa siki. Kuufanya ukae kunahitaji kuuchuja na kuupasha moto kwa kipimo ili kuua hamira, kisha kuufunga kwenye chombo safi kisichopitisha hewa. Bila hatua hiyo, bei ya ulanzi inaishia pale miguu, baiskeli au pikipiki inapoweza kufika kabla haujachacha sana.

Kama unafikiria zabibu

Kwa msikilizaji wa Rungwe, Mufindi ya juu au Kilolo ya milimani, ushauri wetu ni kutofuata habari ya bei ya Dodoma bila kuangalia mawingu ya kwako. Mizabibu miwili mitatu uani si hasara. Ekari nzima ni nguzo, nyaya, dawa na kusubiri karibu miaka 2 au 3 kabla ya mavuno ya maana.

Kwa wa Isimani, Pawaga au Mbarali, mahali pakavu, nchi inafanana zaidi na Dodoma. Huko maswali ni mengine: je, kuna maji ya kumwagilia kiangazi, udongo una chumvi kiasi gani, na nani atanunua? Zabibu za mvinyo ni laini. Zikikaa siku nyingi bila kiwanda cha kuzisindika karibu, zinaoza. Mnunuzi atafutwe kabla ya pingili.

Kwa walio katikati, kama Mafinga au nje ya jiji la Mbeya, kuna jambo la hesabu ya miezi. Ukipogolea mwishoni mwa mvua, mwezi wa Mei, mzabibu unakutana na baridi ya Juni na Julai, na joto likishuka chini ya nyuzi 10 karibu hauoti kabisa. Miezi minne ya Dodoma inaweza kuwa mitano au zaidi. Ukichelewa kupogolea, mvua za Novemba zinakukuta na matunda yanayoiva. Nafasi ipo, lakini ni nyembamba, na inadai aina zinazoiva mapema na maji ya kumwagilia. Anza na mizabibu michache na andika tarehe zako kwa miaka miwili kabla ya kutoa fedha. Afisa kilimo wa kata anaweza kukuelekeza jinsi ya kupata miche safi kutoka kituo cha utafiti cha Makutupora.

Kama tayari una mlanzi

Kila chipukizi unaloligema halitakuwa shina. Ukigema yote kila mwaka, kichaka kinachoka. Acha baadhi yakue. Kumbuka pia kwamba mianzi ya aina hii ikichanua na kuzaa mbegu, kwa kawaida kichaka hufa. Ukiona maua, anza mapema kupanda kutoka kwenye kichaka kingine, au otesha mbegu hizo.

Osha mbeta na madumu kila mara kwa maji ya moto, na funika mdomo wa mbeta kwa kitambaa au jani ili nyuki na inzi wasiingie. Usitumie kamwe chupa au dumu lililowahi kuwekwa dawa ya mashambani, hata ukiliosha mara kumi. Sumu huingia kwenye plastiki. Ukiuza, uliza ofisi ya halmashauri kuhusu leseni ya vileo.

Na usiongeze maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji hayo mara nyingi ni ya mto, katika msimu uleule wa mvua ambao magonjwa ya kuhara huenea. Mteja aliyeumwa tumbo hasahau kilabu alichonywea.

Mvinyo wa nchi yenye mvua

Mtu akikuambia kwamba nyanda za juu hazina mvinyo wake, mwonyeshe bonde lenye mlanzi. Dodoma imepata zabibu kwa sababu ni kavu. Iringa imepata ulanzi kwa sababu mvua inanyesha kwa miezi mingi, na kwa sababu watu walijua ni chipukizi lipi la kukata, na lini. Zabibu imepata watafiti, viwanda na chupa. Ulanzi bado unasubiri mtu atakayeufanya uvuke siku mbili bila kupoteza ladha yake. Atakayefaulu hatahitaji kung'oa kitu shambani ili apande kingine. Kichaka kipo tayari.